Vioo vya Plastiki katika Motokaa

Muhula uliopita nilikuja shuleni na motokaa ya mbio ya mdogo wangu, kwa kuwa mwalimu wa fizikia alitaka wanafunzi waione. Wengi waliizunguka injini, na wengine wakashangaa zile nguzo za chuma zilizomo ndani. Lakini mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili hakujali injini wala nguzo. Aligonga dirisha la mlango kwa ukucha, akatega sikio, akaniuliza, "Mzee, mbona kioo hiki kinalia kama debe la plastiki?" Nikamjibu kwamba kinalia hivyo kwa sababu ni plastiki. Akafikiri kidogo, akauliza la pili: "Sasa mkipinduka, mtatokaje?" Kengele ikapigwa, akakimbilia darasani kabla sijamjibu.

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niyajibu maswali hayo mawili kwa maandishi. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na sasa ni fundi wa bodi za motokaa huko Katwe. Sikujifunza haya kwa profesa yeyote. Mengine nimeyapata vitabuni, mengine kwa mikono yangu, na moja nililipata kwa njia ambayo simwombei mtu.

Kwanza, kwa nini mtu aondoe kioo kizuri na kutia plastiki mahali pake? Sababu ni uzito, basi tufanye hesabu. Kipande cha kioo chenye eneo la mita mraba moja na unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5. Kipande kama hicho cha plastiki iitwayo polikaboneti kina kilo 1.2, yaani hakifiki nusu. Madirisha manne ya milango katika Toyota ya mdogo wangu yana jumla ya mita mraba 1.4, na vioo vyake vilikuwa na unene wa milimita 4. Hivyo vioo vilikuwa kilo 14. Polikaboneti ya unene uo huo ni kilo 6.7. Tumepunguza kilo 7 na kitu. Tena dirisha la plastiki halipandi wala halishuki, kwa hiyo ile mashine ya kuzungushia kioo iliyofichwa ndani ya mlango hutolewa vilevile. Nilipoitia mizanini ilikuwa kilo 2 na robo kwa kila mlango. Jumla tumepata kilo 16 hivi.

Mtatucheka mkisema, motokaa ina kilo zaidi ya 900, kilo 16 ni nini? Ni mzigo wa mkungu mmoja wa matoke! Kweli. Lakini kumbukeni mzigo huo ulikuwa mahali gani. Nyote mmekwisha kuona taksi inayotoka Masaka na matoke juu ya paa. Mikungu ile ile ikiwekwa sakafuni gari hukata kona kwa utulivu. Ikipandishwa juu, gari huyumba kama mlevi. Vioo vya motokaa viko juu, karibu na paa, kwa hiyo kilo moja inayotolewa huko hufaa kuliko kilo moja inayotolewa chini ya kiti.

Wenye motokaa za mbio wameijua hesabu hii zamani. Kampuni ya Porsche ilipotengeneza gari lake la 911 R mwaka 1967, ilitia plastiki katika madirisha ya pembeni na ya nyuma ili gari liwe jepesi. Na hapa kwetu mashindano ya motokaa yana historia ndefu. Mwaka 1953 yalianza yale mashindano ya Safari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mtu aliyeyashinda mara nyingi kuliko wengi, Shekhar Mehta, alizaliwa hapa Uganda mwaka 1945. Aliyashinda mara 5, mwaka 1973 na kisha 1979 hadi 1982 mfululizo. Jambo la kupendeza ni kwamba mwaka huo huo wa 1953 ndipo polikaboneti tunayoitumia leo ilipogunduliwa, tena mara mbili! Hermann Schnell aliipata Ujerumani katika kampuni ya Bayer, na Daniel Fox akaipata Marekani katika kampuni ya General Electric, kila mmoja bila habari za mwenziwe. Bayer waliiita Makrolon, Wamarekani wakaiita Lexan. Ukisikia fundi anasema "leksani", ndiyo hiyo.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, maana ndipo watu wengi wa Kampala wanapokosea. Plastiki zinazoonekana kama kioo ni nyingi, lakini mbili ndizo utakazouziwa: akriliki na polikaboneti. Akriliki ndiyo ile watu waiitayo Perspex. Ni plastiki ya mabango. Imejaa katika maduka ya watengenezaji wa mabango, ni nzuri, inang'aa kuliko hata kioo, na bei yake ni nafuu. Walakini ikipigwa na jiwe huvunjika vipande virefu vyenye ncha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili madirisha ya ndege za kivita za Waingereza yalikuwa ya akriliki, nayo yalipopigwa risasi vipande viliruka vikaingia machoni mwa marubani. Daktari mmoja, Harold Ridley, aliona kwamba jicho halikukasirishwa na vipande hivyo hata vikikaa miaka. Basi mwaka 1949 akatia lenzi ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho, na kazi hiyo imeendelea hata leo kuwapa watu kuona. Hayo ni mema yaliyotoka katika mabaya. Mimi sipendi akriliki katika mlango wa motokaa.

Polikaboneti haivunjiki hivyo. Ukiipiga kwa nyundo hubonyea, na nyundo hurudi. Kofia za wapanda bodaboda zenye uso wa plastiki ngumu, aghalabu uso huo ni polikaboneti. Utazitambuaje dukani? Omba kipande kidogo kilichobaki, ukipinde kwa koleo. Akriliki italia "tap" na kukatika. Polikaboneti itapindika kama bati. Pia unaweza kuvichoma vipande hivyo nje, mbali na watu: akriliki huwaka vizuri na kuendelea kuwaka, tena ina harufu tamu kama ya matunda; polikaboneti hutoa masizi meusi, na ukiondoa moto aghalabu huzimika yenyewe. Muuzaji akikataa kukupa kipande cha kujaribu, nenda duka jingine.

Na kioo chenyewe je? Watu hudhani vioo vya motokaa ni vya namna moja. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati yake. Kikipasuka hushikamana, hakimwagiki usoni mwa dereva. Mfaransa Édouard Bénédictus ndiye aliyeanzisha wazo hilo mwaka 1903, baada ya kuona chupa ya maabara iliyoanguka ikapasuka bila kutawanyika, kwa sababu ndani yake ilikuwa na utando uliokauka. Vioo vya pembeni na nyuma katika motokaa nyingi ni vya namna nyingine: vimetiwa moto mkali kisha vikapozwa ghafula kwa upepo, ili viwe na nguvu. Vikivunjika, huvunjika vyote mara moja, vikawa punje ndogo kama mahindi. Likumbukeni neno hilo la punje; nitalirudia.

Sasa kazi yenyewe. Usikate plastiki kwa kukisia. Toa kioo cha asili salama, kilaze juu ya kadibodi, chora ukingo wake, kisha ongeza mahali pa kushikia. Usibandue karatasi inayofunika plastiki mpaka kazi yote imekwisha, maana polikaboneti hukwaruzika upesi kuliko kioo. Tumia msumeno wenye meno madogo, nenda polepole isipate joto ikayeyuka. Piga tupa na msasa ukingoni mpaka kidole kisisikie jino lolote, kwa sababu kila jino ni mwanzo wa ufa.

Halafu yaja matundu ya skrubu, na hapa fizikia ya kidato cha pili ina kazi. Kila kitu hutanuka kikipata joto, lakini si kwa kiasi kimoja. Kioo cha urefu wa mita 1 hutanuka kama milimita 0.009 kwa kila digrii moja. Polikaboneti hutanuka kama milimita 0.07. Motokaa ikilala nje Kampala, alfajiri plastiki ina digrii 20 hivi. Ikiegeshwa juani saa saba mchana inaweza kufika 60. Tofauti ni digrii 40. Kioo kitaongezeka theluthi moja ya milimita, lakini plastiki itaongezeka karibu milimita 3. Ukitia skrubu ya milimita 5 katika tundu la milimita 5, plastiki haina pa kwenda. Itavimba katikati kama chapati kwenye kikaango, na baada ya siku chache nyufa zitaanza kila penye skrubu. Toboa matundu ya milimita 8, tia washa pana ya mpira, na usikaze sana. Usitumie skrubu yenye kichwa cha kuzama, kwa kuwa hupanua tundu kama kabari.

Jambo jingine ni ugumu. Polikaboneti haivunjiki upesi, lakini hupindika upesi. Kwa unene mmoja kioo ni kigumu karibu mara 30 kuliko yenyewe. Motokaa ikienda kwa kasi, hewa inayopita kando hulivuta dirisha kutoka nje, na nimeona kwa macho yangu dirisha la nyuma ya dereva likitumbuka kama shavu la mpiga tarumbeta. Mwanafunzi mwenye akili atasema, "Basi ongeza unene." Haya, tuhesabu. Ugumu wa bamba huongezeka kwa unene uliozidishwa mara tatu, yaani unene mara mbili ni ugumu mara nane. Ili plastiki ifikie ugumu wa kioo cha milimita 4 yatakiwa iwe milimita 12. Na bamba la milimita 12 lina kilo 14 na zaidi kwa kila mita mraba, hali kioo kilikuwa na kilo 10! Tumekuwa wazito kuliko tulivyoanza. Kwa hiyo hatuongezi unene. Tunaipinda plastiki ifuate umbo la mlango, maana kitu kilichopindwa ni kigumu kuliko bapa, na pale penye nafasi kubwa tunatia kipande chembamba cha aluminiamu cha kuegemea.

Kuhusu kuosha: maji, sabuni laini, na kitambaa safi cha pamba. Usiguse kwa petroli wala thina. Hili nimelijua kwa hasara yangu. Dirisha la kwanza nililotengeneza nililifuta kwa thina ili kuondoa gundi, na mbele ya macho yangu likageuka jeupe kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Na vumbi letu jekundu usilifute kikavu, lioshe kwanza kwa maji, la sivyo usiku taa za gari linalokuja zitatawanyika katika mikwaruzo midogo, usione kitu. Jua nalo, ambalo hapa karibu na ikweta halina huruma, hugeuza polikaboneti kuwa ya manjano isipokuwa ile iliyopakwa dawa ya kuzuia. Uliza upande uliopakwa dawa, na uuweke nje.

Sasa nafika kwenye swali la pili la yule mwanafunzi.

Mwaka ule wa kwanza nilifurahia sana kazi yangu. Kila dirisha nililishika kwa skrubu 16, na kila skrubu ina nati ndani ya mlango. Mdogo wangu alinisifu mbele ya rafiki zake, akasema, "Kaka yangu akifunga kitu, kimefungwa." Nilikuwa nimenunua bamba moja tu, nalo lilitosha milango minne. La dirisha la nyuma fedha ilikwisha, tukasema tutalibadilisha mwezi ujao. Jumamosi moja tukaenda kujaribu gari katika barabara ya murramu ndani ya shamba la rafiki yetu, upande wa Luwero, mbele ya Busiika. Mimi nilisimama mwisho wa barabara na saa mkononi. Nikasikia injini ikija, nikasikia ikipanda sauti ghafula, kisha kishindo, kisha kimya.

Nilipofika motokaa ilikuwa imelala ubavu ndani ya mtaro, upande wa dereva chini, paa limeegemea kichuguu. Mlango wa juu ulikuwa umepindika na hausogei. Palikuwa na harufu ya petroli, tena ilikuwa ikidondoka mahali nisipoweza kuona. Mzee mmoja aliyekuwa akilima karibu alikuja mbio, akaokota jiwe kubwa, akalipiga dirisha la mlango kwa nguvu zake zote. Jiwe likarudi, likaanguka miguuni pake. Akapiga tena. Likarudi. Akanitazama kama mtu aliyeona uchawi. Alichukua jembe lake, akapiga, likaacha alama nyeupe tu. Ndani nilimwona mwenzake mdogo wangu, yule msoma ramani, akisukuma plastiki kwa miguu miwili, nayo inavimba na kurudi. Skrubu 16. Na bisibisi yangu ilikuwa Katwe, ndani ya kabati.

Sijui ni nani aliyetaja dirisha la nyuma, nadhani ni yule mzee. Nikalinyakua jembe, nikapiga kona ya kioo kwa ncha yake mara moja. Kikamwagika chote, punje kama mahindi. Walitoka kwa kupenya katikati ya nguzo, msoma ramani kwanza, kisha tukamvuta mdogo wangu, ambaye mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Petroli haikuwaka. Yule mzee alikaa chini kwenye nyasi, akaomba maji. Mimi nilikwenda nyuma ya kichuguu, na niliyoyafanya huko sina haja ya kuyaandika.

Usiku ule sikulala, nikawa nahesabu. Nilikuwa nimekipima kioo kwa mizani, nikadhani nimemaliza kukijua. Nilihesabu kazi yake ya kuzuia upepo na vumbi, na ya kuonyesha njia, lakini sikuhesabu kwamba kioo cha pembeni ni mlango wa pili, ambao mtu yeyote mwenye jiwe anaweza kuufungua. Nilikuwa nimeuondoa mlango huo mara nne, na sikuweka mwingine mahali pake.

Tangu siku hiyo ninafunga hivi. Dirisha la mlango halina nati hata moja. Linashikwa na pini 6 za kuvuta, na pini zote zimefungwa kwa ukanda mmoja mwekundu unaopita ndani na nje ya gari. Ukivuta ukanda, pini zote zatoka na bamba laanguka. Nje nimepaka mshale na neno VUTA kwa rangi, kwa Kiluganda na kwa Kiswahili, kwa sababu atakayefika kwanza hatakuwa fundi; atakuwa mtu aliyekuwa akilima. Kabla gari halijatoka gereji, kila anayeketi ndani hufungwa kitambaa machoni, afungue dirisha lake kabla sijahesabu hadi kumi. Akishindwa, tunaanza upya. Na chini ya kiti kuna nyundo ndogo yenye ncha, ya vioo vilivyobaki.

Kioo cha mbele sikigusi, nanyi msikiguse. Kanuni za FIA za mbio za rally zataka kiwe kile cha tabaka mbili, na sababu yake mmeiona hapo juu: chapanguswa vumbi na matope kila dakika, na plastiki ingekwaruzika kwa siku moja. Madirisha mengine nayo, kila shindano lina kitabu chake cha kanuni na madaraja yake. Katika madaraja mengi vioo vya asili hubaki, navyo hubandikwa utando mwembamba usioonekana ili vikivunjika visitawanyike. Soma kitabu kwanza, ndipo ununue bamba. Wako vijana waliokuja kwangu na motokaa za kwenda kazini, wakitaka plastiki kwa sababu wameiona katika mbio. Huwarudisha. Motokaa ya barabarani ina haja ya dirisha linaloshuka, kwa hewa, kwa kulipia maegesho, na kwa kuzungumza na askari. Taksi iliyovunjikiwa kioo ikafunikwa kaveera siku mbili tatu hadi kipatikane kingine, hiyo ni shida ya kawaida, twaielewa sote.

Mdogo wangu amepona, na bado anashindana. Kila mwanzo wa msimu hunijia na kusema, "Kaka, dirisha la nyuma bado ni kioo. Tukilibadilisha tutapata kilo 3." Nami humwambia kwamba bamba limekwisha dukani.